Shemeji kamfunga mama mkono mzima kwa kanga, eti ndo dawa ya mkono uliopooza

Shikamoo Anti,

Naandika kutoka Moshi, tunakaa Pasua, mi ni mke wa mtu na nina watoto wawili, na mama mkwe tunaishi naye hapa tangu alipopata kiharusi mwezi wa 11 mwaka jana. Kabla ya hapo alikua kwake Kibosho, ni fundi cherehani, watoto wa shule kibao kule kijijini wamevaa sare alizoshona yeye. Ana miaka 62. Siku hiyo alikua anakata kitambaa mkasi ukamdondoka, akauokota ukadondoka tena, jirani kumwangalia anaona mdomo umeenda upande, ndo wakamkimbiza hospitali. Kipimo cha kichwa kikaonyesha mshipa umeziba. Tunamshukuru Mungu yuko hai, akili zake zote anazo, kuongea anaongea japo kuna maneno yanatoka mazito, na mguu wa kulia umerudi, anatembea kwa fimbo anaburuta kidogo.

Shida ni mkono wa kulia, na ndo mkono wake wa kazi. Bega analinyanyua kidogo, kiwiko anakunja, vidole vimejikunja muda mwingi ila asubuhi akiwa ametulia vinafunguka, hata kikombe cha plastiki kitupu anakishika. Sasa kukiachia ndo kazi, inabidi nimtoe kidole kimoja kimoja. Mwanzo tulikua tunampeleka mazoezi hospitali mara mbili kwa wiki, ila bodaboda hawezi kupanda, ni bajaji kwenda na kurudi, hela zikawa zinatuishia, tukapunguza, afu tukaacha kabisa. Walitupa karatasi ya mazoezi ya nyumbani, ipo kabatini.

Pasaka hii shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja kutoka Arusha na video kwenye simu, ya wazungu, anasema mkono uliopooza haurudi kwa sababu mkono mzima unafanya kila kitu, dawa ni kuufunga ule mzima. Basi Jumamosi asubuhi kachukua kanga kamfunga mama mkono wa kushoto kifuani, kaza fundo, mpaka jioni. Anti, chai ilimwagika yote kwenye gauni. Akienda chooni aliyumba, bahati nilikua nyuma yake nikamdaka. Mchana akagoma kula, machozi yanatoka tu hasemi kitu. Nikamwambia shemeji mfungue mama, akaniambia wewe unamdekeza ndo mana haponi. Mpaka leo mama akisikia shemeji anapiga simu anageukia ukutani.

Wifi mkubwa naye ana lake, ameleta mzee anayechua, anakuja kila baada ya siku kadhaa, anamvuta mkono juu mpaka mama anapiga kelele, anasema anarudisha mshipa mahali pake, afu anatuachia maelekezo ya kumkanda kwa maji ya moto sana yenye chumvi. Tangu aanze, bega linamuuma usiku halali.

Na mimi nipo katikati. Namlisha, namvalisha, namchana nywele, kila kitu, mana siku nilimwachia afute meza mwenyewe wakaja shangazi zake mume wangu, nikasikia huko nje mkamwana anamfanyisha mgonjwa kazi. Mume wangu anasema tusubiri tu, wengine wanatuambia miezi mitatu ikishapita mkono usiporudi ndo basi tena.

Dawa za presha zipo, huwa anameza akisikia kichwa kizito.

Naomba nisaidie Anti, hiyo ya kufunga mkono ni kweli au ni mateso? Na je muda umeshapita?

Mkamwana, Pasua

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana hapo nyumbani. Na wewe pole ya peke yako, mana barua nzima nimesoma hujaandika mahali popote kwamba umechoka na mi najua umechoka.

Ntaanza na kile ulichokiandika mwishoni kabisa kama vile sio kitu, dawa za presha. Mwanangu, hizo dawa hazimezwi kwa kusikilizia kichwa. Presha haiumi, watu wengi inapanda wao wanacheka na wageni sebuleni, na mtu aliyeshapata kiharusi kimoja yupo kwenye hatari kubwa ya kupata cha pili kuliko jirani yake ambaye hajawahi, na cha pili hakichagui, kinaweza kuchukua ule upande uliobaki au uhai wenyewe. Tutahangaika na mkono hapa mwaka mzima halafu asubuhi moja kila kitu kianze upya. Kwahiyo dawa kila siku, saa ile ile, awe na kichwa kizito au chepesi, na presha ipimwe, madaktari wengi wanataka isome chini ya 140 kwa 90 na wengine wanataka chini ya 130 kwa 80, yeye daktari wake ndo atawaambia ya mama ni ipi. Na kwa kuwa mshipa uliziba inawezekana alipewa pia kidonge cha kufanya damu isigande na kingine cha mafuta ya kwenye damu, angalieni kwenye karatasi za kuruhusiwa, kama vipo viliisha mkanyamaza rudini mkaulize. Chumvi ipungue. Na magadi pia, najua sisi huku maharage bila magadi tunaona hayajaiva, ila magadi nayo yana sodiamu kama chumvi ilivyo, presha haijui umeipata kwenye kijiko au kwenye jiwe.

Halafu watu wasije wakakwambia ni mambo ya kutupiwa. Hapo hapo jirani yenu, wilaya ya Hai, kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walizunguka kijiji kwa kijiji wakihesabu nani amepata kiharusi, walifanya hivyo Hai na Dar es Salaam, na matokeo yalitoka mwaka 2010. Kiharusi kipo kwetu, kipo kingi, na presha isiyotibiwa ndo imekaa katikati ya hadithi.

Haya, la shemeji.

Shemeji hajatunga. Hiyo tiba ipo, ni ya kweli na ina heshima yake. Kuna mtafiti Mmarekani, Edward Taub, alianza na nyani zamani, nyani waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja. Mkono ulikua bado una uwezo wa kujongea, ila nyani haugusi, anatumia mwingine tu. Akaufunga ule mzima, na nyani akaanza kuutumia ule aliokua ameususa. Taub akasema kumbe sio kwamba mkono wote umekufa, sehemu nyingine ni kwamba mnyama alijaribu mwanzoni akashindwa, akajaribu akashindwa, akazoea kuishi bila huo mkono, na hata uwezo ulipoanza kurudi yeye alishaacha kujaribu. Baadaye akiwa chuo kikuu cha Alabama pale Birmingham akaigeuza kuwa tiba ya watu waliopata kiharusi. Na mwanangu ukisoma barua yako vizuri utaona mama yupo hapo hapo, vidole vinafunguka asubuhi, kikombe anashika, ila siku nzima analishwa anavalishwa anachanwa, huo mkono wa kulia aujaribishe saa ngapi?

Kwahiyo shemeji kachukua kitu cha kweli, ila alichoona kwenye video ni kufunga, na kufunga ndo sehemu ndogo kuliko zote.

Utafiti mkubwa wa tiba hii ulitoka mwaka 2006 Marekani, wagonjwa 222, wote walipata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa kabla. Hakuna aliyefungwa kanga. Mkono mzima walivalishwa glovu nene isiyoruhusu vidole kushika vitu, muda mwingi wa siku, wiki mbili, na katika hizo wiki mbili siku za kazi walikua wanafanyishwa mazoezi na wataalamu, mpaka masaa sita kwa siku. Masaa sita! Mkono uliopooza unashika, unaachia, unasogeza, unageuza, tena na tena, na mtaalamu yupo pembeni anaongeza ugumu kidogo kidogo mgonjwa akiweza. Na kabla ya kuanza mgonjwa anakaa na mtaalamu wanaandikiana kabisa ni saa ngapi glovu inavuliwa, kuoga, chooni, kulala, chochote chenye hatari. Mgonjwa mwenyewe anasaini. Waliofanya hivyo walitoka na mikono inayofanya kazi vizuri kuliko wale walioendelea na matibabu ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti bado ilikuepo.

Sasa linganisha na Jumamosi ya shemeji. Mkono umebanwa kifuani, na mkono mzima ndo unaomdaka mtu akiyumba, ukiubana mtu mwenye mguu unaoburuta anaanguka kama mti, ndo mana wenzetu wakatumia glovu, mkono unabaki huru kujizuia hata kama hauwezi kushika. Mazoezi hakuna, ni kukaa tu na kushindwa kunywa chai. Na la kwangu kubwa kuliko yote, hakuulizwa. Mtu mzima, fundi, mama wa watoto hao hao, anafungwa fundo na mwanae wa kumzaa. Mi ningegeukia ukuta pia.

Kabla hata ya kuongelea glovu kuna kitu cha kuangalia, mana tiba hii sio ya kila mkono. Mkono uliolegea kabisa au uliokaza kabisa usiofunguka hata kidogo, ukimnyima mtu mkono mzima unakua umemnyima mikono yote miwili na hakuna faida. Fanya hivi asubuhi akiwa ametulia. Mkalishe mezani, mkono wa kulia ulale juu ya meza, kiganja kinaning'inia nje ya ukingo. Mwambie anyanyue kiganja juu, sio kiwiko, kiganja. Kikipanda hata kidogo ni dalili nzuri. Afu chukua kitambaa kile cha kufutia vyombo, kiweke mezani kimejikunja kunja, mwambie akinyanyue anavyoweza yeye, vidole viwili, vitatu, hata kwa kukikwangua, akiinue juu ya meza, halafu akiachie. Usimsaidie, usimhimize haraka haraka, kuachia kunaweza kuchukua muda mpaka wewe ndo unachoka kusubiri, subiri. Akiweza kuinua na kuachia basi huo mkono una pa kuanzia, na kwa ulivyoandika habari za kikombe mi naona anakaribia sana au ameshafika. Ila wa kuamua ni mtu wa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akimwona, sio mimi wa kwenye barua na sio video.

Akifaa, sio lazima iwe masaa sita. Zipo namna zilizopunguzwa, glovu masaa machache tu kwa siku na mazoezi nusu saa hadi saa moja moja, kwa wiki nyingi zaidi, na zinasaidia. Kwa nyumbani kwenu hiyo ndo inawezekana. Soksi nene ya baridi inatosha kuwa glovu. Anavaa akiwa amekaa, mtu yupo karibu, anavua mwenyewe anapotaka kusimama, na siku akisema leo hapana, ni hapana.

Na ndani ya huo muda anafanya kazi, hapa ndo nataka mkae sana. Mwaka 2009 kuna watafiti walikaa kwenye vyumba vya mazoezi Marekani na Kanada wakawa wanahesabu tu, mgonjwa wa kiharusi akija siku moja mkono wake unafanya vitendo vya maana mara ngapi. Wastani ni 32 hivi. Wakati kwa wanyama wa maabara mabadiliko kwenye ubongo yalikua yanaonekana baada ya mamia ya marudio kwa siku. Yaani hata huko kwenye vifaa vyote mkono ulikua unapewa kazi kidogo, sasa wewe uliyekua unakwenda mara mbili kwa wiki halafu ukaacha, usijilaumu kwa bajaji, ila elewa kwamba mkono wa mama utarudishwa zaidi na meza ya jikoni kwako kuliko na kitanda cha hospitali. Hospitali ni pa kukuonyesha nini cha kufanya na kukusahihisha.

Vitu vya kufanya unavyo tayari. Maharage kwenye ungo, ayachague, mabovu yaende kwenye bakuli kwa mkono wa kulia, kama moja moja ni gumu aanze na vizibo vya chupa, afu mahindi, afu maharage. Vibanio vya nguo, avibane kwenye ukingo wa ndoo na kuvitoa. Kufuta meza kwenda mbele na kurudi, hiyo inafungua kiwiko na bega bila yeye kujua. Kukunja kanga na taulo kwa mikono miwili. Kusogeza kikombe kitupu, baadaye kiwe na maji kidogo ya baridi, chai ya moto bado. Kuchana nywele, kujipaka mafuta, kushika mswaki hata kama kushoto kunasaidia. Vipande vya kitambaa umpe avigeuze, avinyooshe, avipange kwa rangi, achore mstari kwa chaki ya fundi. Mtu ukimpa mpira wa kuminya ataminya siku mbili achoke, mpe kitambaa utaona anavyokishika, vidole vinajua. Na huo mpira wenyewe mimi siupendi kwa mkono ambao tayari umejikunja, kukunja anaweza, kinachomshinda ni kufungua, kwahiyo asifiwe zaidi pale anapoachia kuliko pale anaposhika.

Awamu fupi fupi, apumzike, arudi. Vidole vikianza kukaza na bega kupanda juu kwenye shingo ujue amechoka, sio amekua mvivu. Akisikia kifua kinabana, kizunguzungu au kichwa kuuma ghafla mnaacha hapo hapo.

Kama mtu wa fizio atasema mkono bado haujafika kwenye glovu, mwulize kuhusu kioo. Ni kioo cha kawaida cha kusimama, kinawekwa katikati ya mikono, mkono mgonjwa unafichwa nyuma, yeye anaangalia mkono mzima kwenye kioo unavyofungua na kufunga na macho yanaona kama ule uliopooza ndo unafanya, huku anajaribu kuufuatisha ule wa nyuma. Inaonekana kama mchezo wa watoto, ila imepimwa na inasaidia, na haina gharama.

Sasa huyo mzee wa wifi. Asirudi. Nasema hivi bila kuzunguka. Bega la binadamu limeshikwa na misuli kuliko mfupa, misuli ikipooza bega linakua kama mlango uliolegea bawaba, unaning'inia, na ukiuvuta ndo unaung'oa kabisa. Weka kidole juu ya bega lake la kulia, chini tu ya mfupa ule wa juu, ukilinganisha na la kushoto unaweza kukuta kuna kijishimo. Kuvuta mkono wa namna hiyo kwa nguvu juu ya kichwa kunachana na kuvimbisha vilivyomo ndani, na maumivu ya bega ndo kitu kinachofanya wagonjwa wengi waache mazoezi kabisa, wakiacha mkono unakauka. Hakuna mshipa uliotoka mahali pake mkononi, mshipa ulioziba ulikua kichwani. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta kama anapenda haina shida, inamtuliza, ila isiitwe tiba ya mkono mana kwenye kuchuliwa anayefanya kazi ni mchuaji.

Maji ya moto sana pia hapana. Ngozi ya upande uliopooza mara nyingi haisikii vizuri, ataungua na hatasema. Maji yajaribiwe kwa mkono wake wa kushoto kwanza, au kwa kiwiko chako. Na nyie wote hapo nyumbani, kumnyanyua kwenye kiti msimvute mkono na msimshike kwapani, mshikeni kiunoni au kwenye mgongo, mkono mgonjwa ukiwa umeegeshwa. Akikaa mkono ulale juu ya mto mapajani au mezani, usining'inie. Akilala kwa upande mzima, mto mbele kifuani mkono uegemee hapo. Hilo bega lionwe na daktari au fizio wiki hii, usisubiri, kuna dawa na kuna namna ya kulishikiza.

Muda haujapita. Hiyo ya miezi mitatu imetoka mahali, ni kweli mkono unarudi kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, mitatu kisha mpaka sita hivi, halafu kasi inapungua. Watu wakasikia inapungua wakapeleka habari kwamba inakwisha. Wale 222 nimekwambia walikua mpaka miezi tisa, na Taub mwenyewe alipoanza na watu alichukua waliozidi mwaka na bado mikono yao ikaongeza kazi. Ila sitakudanganya, sijui kama atarudi kukata suruali kwa mkasi mzito. Wengi wanafika mahali mkono unakua msaidizi, unashikilia kitambaa wakati kushoto kunafanya kazi, unaingia kwenye shati wenyewe, unashika mfuko. Kwa fundi kushikilia kitambaa kisiteleze ni nusu ya kazi. Cherehani lenyewe lisubiri kidogo, sindano na vidole visivyosikia havipatani, na mguu wa kukanyaga ni huo huo wa kulia, muulizeni fizio lini.

Huko Moshi mna bahati ambayo mikoa mingine hawana, hospitali ya rufaa ya KCMC wanafundisha watu wa fizio na pia watu wa tiba kazi, hao wa pili ndo hasa wa mikono na shughuli za nyumbani, kula, kuvaa, kupika, kushona, na wengi wetu tunatoka hospitali bila kujua wapo. Hospitali ya Mawenzi nako ulizeni kitengo cha mazoezi. Usiende na maneno kwamba hatuna hela ya kuja mara mbili kwa wiki, nenda na ombi, sema tutakuja mara moja kwa mwezi, tupangieni kazi za nyumbani za mwezi mzima na mtuonyeshe, na omba ruhusa umrekodi mama kwenye simu akifanya kila zoezi, sauti ya mtaalamu iwepo. Na ile karatasi ya kabatini iende nayo, isikute imepitwa.

Halafu umchukue na mtu mmoja wa ukoo kwenye hiyo safari. Ningekua mimi ningemchukua wifi. Akisikia kwa masikio yake kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe kwamba mama anatakiwa afute meza, hao mashangazi atawajibu yeye, wewe utakua unakoroga mtori tu jikoni. Ukienda peke yako ukarudi na hayo hayo maneno utaambiwa umetunga ili upumzike. Ndo tulivyo, tuongee ukweli, mkamwana akimlisha mama mkwe mdomoni anasifiwa ukoo mzima na mkono unakufa kwa sifa.

Kuhusu machozi, usiyapuuze ukasema ni kanga tu. Karibu mtu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi wanaingia kwenye sonona, na mwenye sonona hafanyi mazoezi hata umpe glovu ya dhahabu. Ukiona hali chakula, halali hata bega lisipouma, hataki kuonana na watu, mwambie daktari, inatibika. Na muulize mwenyewe anataka mkono umrudishie nini kwanza. Usishangae akikwambia sio cherehani, anaweza kusema nataka kujifunga kitenge mwenyewe, basi hapo ndo mtakapoanzia.

Shemeji apige simu aombe radhi, kwa mama, sio kwako. Asijieleze sana. Halafu mpeni kazi mana mtu huyo ana moyo, tatizo ni haraka, hela ya bajaji ya kila mwezi itoke kwake na hiyo video amtumie mtu wa fizio aione kabla ya mtu yeyote kushika kanga tena.

Mdomo ukienda upande tena, mkono au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, maneno yakipotea, hakuna kumpa kitu mdomoni wala kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Soksi iwe safi, na iwe pana ivuke kifundo cha mkono, zile za mpira zinabana.

Anti